Baki Arobaini na Tano

Penseli yake ilikaa ndani ya kitambaa cha kichwa, juu ya sikio la kulia, na kwa miaka miwili niliyoishi naye sikumwona hata siku moja akiitafuta. Mimi nilipoteza kalamu kila wiki. Yeye alikuwa na ile moja, akaichonga kwa kisu cha jikoni mpaka ikawa fupi kama kidole gumba, kisha akaifunga kwenye kijiti ili iendelee kushikika.

Sote tulimwita Mwalimu. Kwetu Kenya alifundisha hesabu darasa la saba miaka mingi kabla ya kuja Riyadh kufanya kazi za nyumbani, na jina lilimfuata. Sikumuuliza kwa nini aliacha chaki. Ilikuwa miaka ile ambapo kila mtaa wa Nairobi ulikuwa na ajenti wa kupeleka watu Saudia, na kumuuliza mtu kwa nini amekuja ilikuwa kama kumuuliza aliye kwenye foleni ya hospitali anaumwa nini. Mimi mwenyewe nilikuja na shahada ya hisabati. Ajenti aliniambia nitafundisha watoto. Hakudanganya sana: niliwafundisha watoto watatu wa madam mwenye nyumba kazi zao za shule kila jioni, nikishamaliza kufua nguo zao. Mwalimu aliposikia nimesoma nini, aliniita Digrii, na hakuniita jina lingine tena.

Chumba cha pasi kilikuwa nyuma ya jiko, kina dirisha dogo linalotazama ukuta. Kila Jumatano alipiga pasi kanzu nyeupe za baba mwenye nyumba, na kati ya kanzu moja na nyingine alivuta karatasi kutoka chini ya ubao akaandika mstari mmoja. Karatasi zenyewe zilikuwa migongo ya kalenda kubwa ya ukutani, ile inayotolewa bure na duka la mchele. Mwezi ukiisha, madam alichana ukurasa na kumpa. Mwandiko wake ulikuwa mdogo, umejipanga kwa safu, na kila mstari ulikuwa na namba tatu: idadi, namba tasa, jumla.

Nieleze alichokuwa anatafuta, kwa sababu bila hicho huwezi kumjua. Chukua namba tasa, zile zisizogawanyika kwa kitu isipokuwa moja na zenyewe. Anza na 2, ongeza 3, ongeza 5, ongeza 7, bila kuruka hata moja. Kila idadi ya namba ulizojumlisha inapokuwa tasa yenyewe, simama, ugawe jumla kwa idadi hiyo. Karibu kila mara kuna baki. Lakini ukijumlisha namba tasa ishirini na tatu za kwanza unapata 874, na 874 kwa 23 ni 38 kamili. Ukifikisha hamsini na tatu unapata 5,830, na hiyo kwa 53 ni 110 kamili. Hizo mbili alizipata akiwa bado Kenya, nyuma ya daftari la maandalio ya masomo. Sasa alikuwa anaitafuta ya tatu.

Na alikuwa ameiapia. Siku ya kuondoka, mama yake, mzee asiyeona vizuri aliyeishi huko milima ya Taita, alimuuliza atarudi lini. Mwalimu hakutaka kutaja tarehe, kwa kuwa mkataba haukuwa wake kuuandika, na kutaja tarehe usiyoimiliki aliona ni uongo. Akaapa mbele ya Mungu: "Nikiipata ya tatu, mama, nakuja. Hata kama ni kesho yake." Mama yake hakujua namba tasa ni nini. Alijua tu kwamba binti yake akiapa, ameapa.

Kwa hiyo kila Ijumaa simu ilipopigwa, Mwalimu mikono yake ikiwa kwenye unga na simu imeegemezwa kwenye mtungi wa chumvi, swali la kwanza lilikuwa lile lile.

"Imepatikana?"

"Bado, mama."

"Haya. Tafuta polepole. Usije ukakosea kwa haraka."

"Sina haraka, mama."

"Hata mimi sina. Ila macho ndiyo yana haraka."

Kisha wote wawili walicheka, nami nilikata vitunguu na kufikiria kama kuna mtu ulimwenguni aliyewahi kuifunga safari ya kurudi kwao kwenye kitu kama hicho. Nilifikiria sana. Ndiyo kazi ninayoijua kuliko zote.

Wiki yangu ya kwanza, kwa mfano, nilisimama kwenye sinki nikilia. Ikama yangu, kibali cha kuishi, ilikuwa haijatoka, pasipoti ilikuwa na kafili, mwajiri aliyenidhamini, na mimi nilikuwa nimeshapanga kichwani njia kumi na tisa ambazo mambo yangeweza kuharibika. Mwalimu alikuwa anapanga sahani nyuma yangu.

"Digrii. Nipe namba tasa mbili zilizoachana kwa mbili."

"Nini?"

"Umesikia."

"Kumi na moja na kumi na tatu."

"Jumla?"

"Ishirini na nne."

"Zingine."

"Kumi na saba na kumi na tisa. Thelathini na sita. Ishirini na tisa na thelathini na moja. Sitini."

"Zote zinagawanyika kwa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kwa nini?"

Nilifikiri, maji yakimwagika. Nikasema ni kwa sababu ya namba iliyo katikati yao: lazima iwe shufwa, yaani igawanyike kwa mbili, na lazima igawanyike kwa tatu, maana katika namba tatu zinazofuatana moja lazima igawanyike kwa tatu na pacha wenyewe hawagawanyiki. Basi ya katikati inagawanyika kwa sita, na jumla ni mara mbili yake.

"Na tatu na tano?"

"Hizo zinaharibu. Ni nane."

"Kila darasa lina wawili wa namna hiyo," alisema. "Umeacha kulia. Sasa funga bomba, haya maji si ya babako."

Alikuwa na hesabu kwa kila jambo la nyumba ile. Alinionyesha kwamba ukichukua namba tasa mbili zinazofuatana, ukiiacha 2 peke yake, jumla yao ukiigawa kwa mbili hupati tasa kamwe. Kumi na tatu na kumi na saba, nusu kumi na tano. Ishirini na tatu na ishirini na tisa, nusu ishirini na sita. Haiwezi kuwa tasa, kwa kuwa imesimama katikati ya majirani wawili, na kama ingekuwa tasa hao wasingekuwa majirani. Siku moja madam na Hajja, mama mzazi wa baba, walikuwa wamenuniana juu ya chumba cha wageni, na baba alikuwa anatembea kutoka mlango huu kwenda ule akiwa ameshika tasbihi yake.

"Unamwona?" Mwalimu alininong'oneza. "Tasa mbili zinazofuatana. Na yule wa katikati, lazima agawanyike."

Nililazimika kuingia kwenye stoo kucheka. Yeye hata mdomo haukucheza.

Hakujua kusifu. Kwa miaka miwili neno lake la juu kabisa kwangu lilikuwa "sawa". Mashine za kukokotoa alizidharau, na aliogopa paka kama mtoto, akipanda kiti. Na hakusema uongo, hata ule mdogo unaoendesha nyumba. Mara moja mgeni asiyetakiwa alipiga kengele ya geti, madam akamwambia Mwalimu aseme amelala. Mwalimu akaenda kwenye simu ya mlangoni na kusema kwa Kiarabu chake cha jikoni, "Madam anasema niseme amelala." Madam hakuongea naye wiki nzima. Wiki iliyofuata alimkabidhi funguo za kabati la dhahabu.

Kosa la mtu hakulikata kwa alama ya mkasi. Aliweka nukta ndogo ya penseli pembeni mwa mstari na kukurudishia karatasi. Nilizikuta nukta zake kwenye madaftari ya watoto, hata kwenye orodha zangu za sokoni. Nilimuuliza kwa nini haandiki jibu sahihi.

"Nukta inasema rudi," alijibu. "Ukirudi mwenyewe, hutasahau njia."

Kazi yake mwenyewe aliikagua kwa namna mbili. Ya kwanza ilikuwa kutupa tisa, kama alivyofundishwa na walimu wake: unajumlisha tarakimu za namba, unaondoa kila tisa, na kinachosalia kinakuambia kama ulijumlisha vizuri. Hiyo aliifanya kila mstari, midomo ikicheza. Ya pili alinifundisha mimi kama mzaha. "Mbili peke yake ndiyo shufwa kati ya tasa zote. Kwa hiyo idadi ikiwa witiri, isiyogawanyika kwa mbili, jumla lazima iwe shufwa. Ukiona vinginevyo, ujue ulilala."

Tafadhali ishike hiyo. Mimi nimeishika miaka yote hii.

Kuhusu Hajja, lazima niseme zaidi. Alikuwa amepata kiharusi, ulimi ukawa mzito, na baada ya kuanguka bafuni na kuvunjika nyonga hakuinuka tena. Wauguzi wa kulipwa walikuja wakaenda, aliwauma mikono. Mwalimu pekee ndiye aliyemwacha amgeuze. Kila baada ya saa mbili alimshika begani na pajani, akahesabu kwa sauti, "Mbili, tatu, tano, saba," na kwenye saba alimgeuza. Baada ya miezi kadhaa Hajja, ambaye hakujua Kiswahili zaidi ya hapo, akitaka kugeuzwa alianza mwenyewe kutoka chumbani kwake, kwa ule ulimi mzito: "Mbili... tatu..." Na Mwalimu aliacha pasi, aliacha mkate, akaenda kabla hajafika tano.

Sasa nifike kwenye lile ambalo nimekuwa nikilizunguka.

Mwaka wangu wa pili, Mwalimu alikuwa ameshapita idadi ya mia tisa, na ya tatu haikuonekana. Niliwahi kumwambia kwamba kompyuta ingeitafuta kwa dakika moja. Hakunisemesha siku mbili, kisha akasema, "Niliapa kuipata. Sikuapa kuambiwa." Nikanyamaza. Lakini mimi si mtu wa kunyamaza kichwani. Alasiri moja watoto wakiwa wamelala niliketi kwenye kompyuta yao na kuitafuta, nikijiambia kwamba kujua si kusema.

Ilikuwa kwenye idadi ya 853. Jumla 2,615,298, na hiyo kwa 853 ni 3,066 kamili.

Alikuwa ameshaipita.

Nilienda chumba cha pasi nikafungua karatasi zake. Mstari wa 853 ulisomeka 2,615,343, baki 45. Sikuhitaji kompyuta kuona tatizo. Idadi ilikuwa witiri, na jumla nayo witiri. Nikarudi nyuma karatasi moja baada ya nyingine, kila mahali pa idadi witiri pana jumla witiri, mpaka nikafika karatasi ya nne. Chini ya karatasi ya tatu, kwenye namba tasa ya mwisho kabla ya elfu moja, aliandika 76,127. Juu ya karatasi ya nne, akihamisha jumla hiyo, aliandika 76,172. Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi, na jumla ikazidi kwa 45, ile ile baki ya mstari wa 853. Kutupa tisa hakuwezi kuliona kosa la namna hiyo: tarakimu ni zile zile, kinachosalia ni tano huku na tano kule. Ni kosa la mtu anayekagua kila mstari, na nilijua lilitokea lini, kwa sababu alikuwa akiandika tarehe juu ya kila karatasi. Ni siku ile Hajja alipoanguka bafuni. Nilikuwa ndani ya nyumba. Nilisikia kishindo, na nilimwona Mwalimu akikimbia na penseli mkononi.

Niliketi chini, mgongo kwenye ukuta. Kama nikimwonyesha, atasahihisha kila jumla baada ya hapo, atafika 853, atapata kamili, na kwa kiapo chake ataomba ruhusa ya kurudi kwa mama yake siku inayofuata. Sikulazimika hata kumwambia jibu. Nilihitaji nukta moja tu, pale pembeni mwa 76,172. Nilichukua penseli ya rangi ya mmoja wa watoto, nikaishika juu ya karatasi.

Nilijiambia kwamba mimi ni mdogo na yeye ni mwalimu. Nilijiambia kwamba alikataza. Nilijiambia kwamba mwaka mzima na zaidi wa kazi yake utakuwa umeharibika na huzuni itamvunja. Zote zilikuwa sababu nzuri. Sababu ya kweli ni kwamba akienda, nitabaki peke yangu na nyumba ile, na Hajja, na kichwa changu. Nikairudisha penseli kwenye kopo. Nikasema nitamwonyesha wiki ijayo.

Ijumaa ile mama yake aliuliza, "Imepatikana?" na Mwalimu akajibu, "Bado, mama," na mimi nilikuwa hatua tatu kutoka kwenye simu, nikikatakata nyanya. Ijumaa iliyofuata ikawa hivyo hivyo. Nilizihesabu Ijumaa hizo. Zilikuwa saba. Ya nane aliyepiga hakuwa mama. Alikuwa dada yake.

Mwalimu alikuwa na kanzu kwenye ubao. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Nimesikia," akamaliza mkono uliobaki, akaitundika kanzu, akachomoa pasi. Jioni baba alimwambia atamkatia tiketi usiku huo huo. Nasema hili kwa sababu ni haki ya yule baba. Mwalimu alimshukuru. Alisema mazishi ni kesho asubuhi na ndege haitamwamsha aliyelala. Kisha kutoka chumba cha ndani tukasikia, "Mbili... tatu..." na akaenda.

Hakuandika mstari mwingine. Penseli iliendelea kukaa kwenye kitambaa, ikitumika kwa orodha za sokoni.

Mkataba wangu ulipokwisha nilipata uhamisho kwenda kwa kafili mwingine, shule binafsi Jeddah, nikafundisha kweli. Familia nayo ilihamia Jeddah baadaye, na Hajja na Mwalimu pamoja nao, lakini miezi ilipita bila mimi kwenda. Niliandika barua ya kuungama mara nne. Nilisahihisha koma zake. Sikuituma hata moja.

Halafu siku moja alinipigia. Hajja alikuwa amefariki, yeye alikuwa amepata exit, viza ya kutoka moja kwa moja, anaondoka Alhamisi. Tukutane mtaa wa Sharafiya, alikuwa anatafuta sanduku.

Nilimkuta kwenye mkahawa mdogo kati ya duka la simu na ofisi ya kutuma pesa nyumbani, sanduku jipya likiwa miguuni. Alikuwa amepungua. Penseli ilikuwa mahali pake. Juu ya meza aliweka bahasha ya karatasi za kalenda, zimefungwa kwa ukanda wa kanzu kuukuu.

"Kilo zimezidi," alisema. "Chukua wewe. Una rafu."

"Mwalimu, pole kwa Hajja."

"Ahsante. Alienda vizuri. Nilikuwa namgeuza. Alihesabu mwenyewe mpaka kumi na tatu. Hajawahi kufika kumi na tatu." Akatazama nje, kwenye teksi. "Umekula?"

Nilikuwa nimepanga jinsi ya kusema. Ningeanza na karatasi ya nne, nimwache aende mwenyewe. Badala yake nilifungua mdomo na jibu ndilo lililotangulia.

"Ni mia nane hamsini na tatu. Nilijua. Wiki saba kabla ya mama. Uligeuza tarakimu juu ya karatasi ya nne, siku Hajja alipoanguka, na nikaona, na sikukwambia, kwa sababu niliogopa kubaki peke yangu."

Kijana wa mkahawa alikuwa amesimama akingoja, basi nikaenda naye kaunta kuagiza chai, kwa kuwa sikuweza kukaa. Nilichukua muda. Niliporudi karatasi zilikuwa zimefungwa tena.

"Nilijua," alisema.

"Toka lini?"

"Kesho yake asubuhi. Idadi witiri, jumla witiri. Unadhani nililala?"

"Mbona hukurekebisha?"

"Hajja alikuwa hospitali. Nikasema nitarekebisha akisimama. Hakusimama." Alikoroga chai ambayo hakuitia sukari. "Niliapa nikiipata nitaenda. Kwa hiyo sikuipata. Mama akiuliza, nilisema bado, na ilikuwa kweli. Ndivyo nilivyojiambia."

"Na mama?"

"Mama alikuwa na dada zangu wawili. Hajja alikuwa na mimi." Akasukuma kikombe changu mbele yangu. "Hilo nitalijibu mimi, huko ninakokwenda. Si lako. Kunywa chai, Digrii."

Nilikunywa. Nilimsindikiza mpaka teksi, tukisaidiana kubeba lile sanduku, na kabla ya kufunga mlango alinitazama kwa muda mrefu, akasema, "Umesema. Sawa."

Nilifungua karatasi nyumbani. Pembeni mwa 76,172 pana nukta ndogo ya penseli.

Nimejaribu kukumbuka kama ilikuwepo alasiri ile nilipokaa sakafuni. Mimi ninayekumbuka kila kitu, hili sikumbuki. Nilikuwa natazama tarakimu. Huenda aliiweka siku ya pili baada ya Hajja kuanguka, na akaishi nayo. Huenda aliiweka pale mkahawani, mimi nikiwa kaunta, akanidanganya ili anipunguzie mzigo, mwanamke ambaye hakuweza kusema uongo kwa mgeni wa getini. Kama ningemwachia yeye aitaje 853 kwanza, ningejua. Lakini nililitanguliza jibu, na mtihani uliofunuliwa haupimi kitu.

Karatasi nimeziweka kwenye rafu. Mara kwa mara nafungua ya nne na kuitazama ile nukta, kisha narudi mwanzo, kwenye 2, na kuanza kujumlisha kwa mkono, mstari baada ya mstari, kwa penseli. Nimefika mia nne na tisa.